Anatafutwa Mtoa Roho Kijana, Kituo cha Kazi Rumonge

Vitabu vya vijana vimegundua ajira mpya. Zamani mtoto wa hadithi alikwenda kusomea uchawi. Siku hizi anakwenda kusomea kutoa roho. Anapewa joho, fyekeo refu, mwalimu mkali, na mwanafunzi mwenzake ambaye amekatazwa kumpenda, kwa hiyo atampenda kufikia sura ya saba. Ana miaka 16 na tayari kakabidhiwa funguo za akhera, wakati mwenzake wa umri huo hapa kwetu haachiwi hata funguo za duka.

Tuseme basi ofisi ya kutoa roho imefungua tawi Rumonge, mji wa Burundi wenye mawese na ndagala, yaani dagaa, kando ya barabara inayoshuka na Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura kwenda Nyanza-Lac. Masharti: awe kijana, asiogope giza, na ajue kuogelea. Majina tisa yamefika mezani. Tunaanza na aliyefeli vibaya zaidi, tunapanda. Ziraili mwenyewe hatumpimi: ana mwajiri wake, jina lake liko kwenye jalada la riwaya ya William Mkufya, *Ziraili na Zirani*, tangu 1999, na sisi hatutafuti kesi.

9. Lex Bartleby, wa kijiji cha Croak

Huyu ni wa Gina Damico, Mmarekani aliyetoa *Croak* mwaka 2012, kisha *Scorch* na *Rogue*. Lex ana miaka 16, anapigana shuleni mpaka wazazi wanasalimu amri na kumpeleka kwa mjomba wake, Mort, kwenye kijiji cha ndani ndani huko jimbo la New York, akatulizwe. Kumbe mjomba na kijiji kizima ni watoa roho, na binti ana kipaji.

Sasa hii utamsimulia nani Rumonge, akashangaa? Mtoto mtundu kupelekwa kwa mjomba ni utaratibu, wala si riwaya. Na kila aliyepelekwa aligundua siri ya ukoo siku ya kwanza kabla jua halijachomoza: kukamua mawese. Mjomba wa hapa angemjibu mara moja: "Binti yangu, roho zitasubiri. Chikichi zinaoza."

*Hukumu:* aanzie kwenye kubeba mikungu ya chikichi. Akifika Ijumaa, hasira ya kupigana na mtu hatakuwa nayo.

8. Citra na Rowan, maombi ya pamoja

Wametoka kwa Neal Shusterman: *Scythe* mwaka 2016, *Thunderhead* 2018, *The Toll* 2019. Dunia yao imeshinda maradhi, uzee na ajali. Kila kitu kinaendeshwa na akili moja ya kompyuta isiyokosea, isipokuwa kuua. Hiyo wameachiwa wanadamu wateule, ili watu wasije wakafurika. Mteule huvaa joho la rangi yoyote ila nyeusi, na ukibusu pete yake unasalimika mwaka mzima. Mzee Faraday amewachukua vijana hawa wawili kuwafundisha kwa sababu moja tu: hawaitaki kazi.

Hapo ndipo faili lao linapokwama. Hebu katafute Rumonge kijana asiyetaka kazi yenye joho, pete na mamlaka ya kusamehe! Na hiyo pete yenyewe, ikitua sokoni saa mbili asubuhi, saa nne itakuwa imebusiwa mpaka kito kimeyeyuka, na pembeni kuna jamaa anauza namba za foleni.

*Hukumu:* watoto wenye adabu, lakini wametokea dunia isiyo na malaria. Hawajawahi kufanya kazi hii penye ushindani.

7. Ichigo Kurosaki, mwenye upanga

Vijana wanaomjua kwa simu ni wengi kuliko wanaojua kwamba alianzia kwenye karatasi. *Bleach* ya Tite Kubo ilichapishwa Japani kuanzia 2001 hadi 2016, na Ichigo alipoanza alikuwa na miaka 15. Kazi aliipata kwa dharura: jini limevamia nyumba yao, Rukia, ambaye ndiye mtoa roho halali, kajeruhiwa, akamwazima nguvu zake. Yaani kaimu aliyeingia bila usaili akakaa miaka kumi na mitano. Kwa kigezo hicho tu angefaa sana utumishi wa umma.

Tatizo ni upanga. Probox ya Bujumbura kwenda Rumonge hujaa mpaka abiria wanapumua kwa zamu. Yeye anapanda na chuma kirefu kuliko dereva. Kondakta atamlipisha viti vitatu, na mama mwenye ndoo ya samaki aina ya mukeke hatanyamaza.

*Hukumu:* apunguze mzigo, arudi.

6. Swira wa maji

Sasa tumeingia kwa wenyeji. Ziwa Tanganyika lina swira wake, nyoka mrefu mwenye pete nyeusi shingoni, anayelala kwenye mawe ya ufukweni na kupiga mbizi kutafuta samaki. Sumu yake ni ya kukata pumzi. Kwa karatasi, huyu ndiye mwombaji mwenye vyeti vizuri kupita wote.

Lakini hafanyi kazi! Akimwona mtu anaondoka. Wavuvi wamemkuta kwenye nyavu zao mara nyingi, na haja yake ni moja tu, kutoka. Wanasayansi wamemwita kwa jina la Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyejenga kituo Mpala, ng'ambo ya ziwa, miaka ya 1880. Mwaka 1884 watu wa Storms walimuua mtawala Lusinga, wakamkata kichwa, na fuvu likasafirishwa hadi Ubelgiji. Nyoka hana rekodi ya namna hiyo. Kama kuna anayestahili kudai fidia kwa kuchafuliwa jina, ni yeye.

*Hukumu:* mpole mno. Tumemshauri abadilishe jina.

5. Kiboko

Mchana anaoga, usiku anapanda nchi kavu kula majani, na Bujumbura watu wamezoea kukutana naye barabarani taa za gari zikimulika makalio yake. Hali nyama. Hana njaa na wewe, hana habari na wewe, hata jina lako hataki kulijua. Umesimama tu kati yake na maji, na hilo kwake ni kosa linalotosha.

Vitabuni mtoa roho husumbuliwa na dhamiri: analia, anaandika shajara, anamuuliza mwalimu kwa nini huyu na si yule. Kiboko anaua mtu, halafu anarudi kwenye majani aliyokuwa anatafuna.

*Hukumu:* nguvu anazo, nidhamu hana. Na joho la kipimo chake litamaliza vitenge vya soko zima.

4. Radi

Ukitaka kumwona huyu kazini, tazama uvuvi wa usiku. Mashua mbili zimefungwa pamoja kwa magogo, wavu umeshushwa chini yake, taa zinawaka juu ya maji. Ndagala wanaifuata nuru, na mukeke wanawafuata ndagala. Kisha taa zinazimwa moja moja mpaka inabaki ya mwisho, samaki wamesongamana chini yake, na wavu unavutwa juu kwa pamoja. Mwezi ukiwa mpevu kazi inalala, maana samaki hawezi kudanganywa na taa wakati mbingu nzima inang'aa. Basi wavuvi huchagua giza, na giza la masika lina wenyewe.

Katikati ya maji yaliyolala, kitu kirefu kuliko vyote ni wewe uliyesimama na kamba mkononi. Na mtaa huu si wa mchezo: hesabu za setilaiti zilizotolewa mwaka 2016 ziliiweka Kabare, upande wa Bukavu nchini Congo, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Wazee wanakataza nguo nyekundu mvua inapokuja. Radi haijawahi kuulizwa inapenda rangi gani, lakini hakuna mjukuu mwenye haraka ya kupima.

*Hukumu:* mchapakazi, anawahi, ana mwanga wake mwenyewe. Amepoteza alama kwa kelele.

3. Ziwa lenyewe

Lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Nchi nne zinalichota: Burundi, Congo, Tanzania na Zambia. Samaki wote unaowajua wanaishi kwenye tabaka jembamba la juu. Ukishuka zaidi ya mita mia moja, mia mbili, hewa ya oksijeni imekwisha, na kuanzia hapo hadi chini kabisa ni maji yasiyo na samaki hata mmoja. Katika *Croak* watoa roho wamejengewa kijiji kizima cha kufichia siri zao. Ziwa lina zaidi ya kilomita moja ya siri kwenda chini, na halijaomba bajeti.

Tena lina subira. Kiangazi upepo wa kusini unalisukuma, na mawimbi yanakuja Rumonge na shari za Zambia. Miaka ya karibuni lilianza kupanda lenyewe bila haraka, mpaka mwaka 2024 likawa limeingia majumbani kuanzia Gatumba hadi huku kusini. Halikumfukuza mtu mbio. Lilibisha hodi mlangoni, siku ya pili likawa sebuleni, na wenye nyumba ndio waliotoka.

*Hukumu:* lingeshinda, ila sharti la kwanza lilisema kijana. Umri wake huhesabiwa kwa mamilioni ya miaka.

2. Gustave

Tulieni, tunajua mlikuwa mnamsubiri.

Mamba wa mto Rusizi na pwani ya ziwa, aliyepewa jina na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi akimfuatilia kwa miaka. Urefu wake ulikadiriwa kupita mita sita, na mwilini ana makovu ya risasi. Kwanza walidhani amefikisha karne. Walipoona meno yake yametimia, wakamkadiria miaka sitini hivi. Walimtengenezea mtego mkubwa wa chuma, na filamu kuhusu jaribio hilo ikatoka 2004. Usiku mmoja wakaweka mbuzi hai, dhoruba ikapiga, kamera ikazima. Asubuhi mtego ulikutwa umezama nusu, mbuzi hayupo. Hata katika usaili wake mwenyewe mwombaji alikula takrima na kuondoka.

Hollywood ilimtengenezea sinema, *Primeval*, mwaka 2007, na ikapigwa Afrika Kusini. Mwenyewe hakualikwa.

Husemwa amekula watu 300. Daftari halipo. Mtu amezama, ni Gustave; ameliwa na mamba mwingine asiye na jina, ni Gustave; katoroka deni Rumonge akaonekana Kigoma, naye kwa miezi kadhaa aliliwa na Gustave. Hapa mamba anafanana na vijana wa Shusterman kuliko anavyojua: kwao pia kifo kimepewa jina na sura. Msiba wenye jina na sura unasimulika, unalaaniwa, unawindwa. Msiba wa maji matupu utamshtaki nani? Tangu aliporipotiwa kuonekana 2015 hakuna uthibitisho wowote, wala wa kuishi wala wa kufa, na bado akina mama wanawaita watoto watoke majini kwa jina lake. Amestaafu, na jina linaendelea kwenda kazini.

*Hukumu:* kijana wa miaka sitini. Tulipanga kumkataa kwa umri, tukakosa wa kumpelekea barua.

1. Rupfu

Mshindi hakuleta maombi. Aliletwa na simulizi ya zamani ya Burundi, na ndiye kifo pekee katika orodha hii ambaye siku ya kwanza alionekana akikimbia.

Zamani hizo Imana, yaani Mungu, aliishi na watu, na kifo hakikuwa na ruhusa ya kukaa kwao. Siku moja Imana alikuwa akimwinda Rupfu kwa mbwa. Rupfu, pumzi zimemwishia, akamkuta mwanamke njiani, akamwomba amfiche, akaahidi kumlipa wema yeye na jamaa zake. Mwanamke akamwonea huruma. Akafungua mdomo, Rupfu akarukia ndani. Imana akafika, akauliza. Mwanamke akasema hajaona mtu. Basi Imana, ambaye haulizi kwa sababu hajui, akamwambia: umemficha, kaa naye, atakumaliza wewe na kizazi chako.

Weka hiyo mezani karibu na vitabu vya wenzetu. Kwao kifo ni ofisi: kina sheria, mitihani, sare na mikutano. Hapa ni mtu aliyeomba hifadhi, akaipata kwa wema wa mtu, na wema huo haukuuliza swali hata moja. Na pwani hii inajua kuomba hifadhi. Aprili 1972 Rumonge na Nyanza-Lac zilikuwa miongoni mwa mahali damu ilipoanza kumwagika, na watu kwa maelfu wakavuka kwenda Tanzania wakiomba kufichwa na wasiowajua. Waliorudi miongo kadhaa baadaye walikuta michikichi yao ina wenyewe wengine. Kumwambia mtu wa huku asimfungulie anayehema mlangoni ni kumwambia asahau nani alimfungulia baba yake.

*Hukumu:* kazi ni yake. Umri haujulikani, ila mbio alizo nazo ni za kijana, na makazi amekwisha pata zamani.

Kwa hiyo, mwandishi wa Rumonge unayetaka mfululizo wa kushindana na hao wakubwa, joho waachie wao. Shujaa wako awe binti, mpe miaka 16, mweke gatini usiku wa giza akisubiri mashua za ndagala, na umletee mgeni anayetweta, macho yakitazama nyuma. Sharti ni moja: yule mwanamke aliyemficha Rupfu hakuuliza, huyu binti aulize. "Kaka, unafukuzwa na nani?" Jamaa akitaja serikali, mpe maji anywe. Akitaja mwenye deni, muoneshe mashua ya Kigoma. Akitaja Imana, binti yangu, funga mdomo.