Miwani ya Jua Huvaliwa Kivulini

Dar es Salaam ina watu wa aina mbili: wanaoshinda juani bila miwani, na wanaovaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Mwangalie trafiki wa makutano ya barabara. Tangu asubuhi amesimama katikati ya lami inayotoa mvuke, macho kayabana mpaka huwezi kujua kama ameliona gari lako au anasali. Halafu mwangalie mshehereshaji wa harusi. Saa nne usiku, ukumbini, taa zimepunguzwa ili maharusi wapendeze, naye kavaa miwani nyeusi tii. Nimeshuhudia kwa macho yangu, ambayo hayakuwa na miwani, mshehereshaji mmoja akimkaribisha kwa heshima zote mama mzazi wa bwana harusi huku mkono wake umemwelekea mpiga video. Bodaboda anatoka Mbagala hadi Posta machozi yakimtiririka kwa jua na vumbi, na abiria wake nyuma ana miwani ya bei mbaya, kaipandisha utosini, inazuia nywele. Misibani ndiyo usiseme. Kule miwani nyeusi huvaliwa na wale ambao machozi yamegoma kutoka.

Mimi niko katikati. Macho yangu ni mepesi, jua likigonga tu ukuta mweupe napiga chafya. Pia nina tabia ya kubana jicho moja mwanga unapozidi, na aliye mbele yangu hudhani namkonyeza. Jambo hilo limewahi kunidai maelezo marefu kituo cha daladala, mbele ya mume wa mtu. Kwa hiyo tulipopanga kwenda Jambiani, Unguja, kwa bibi yake mke wangu, mke mwenyewe alitoa agizo fupi: "Tafuta miwani ya maana. Mchanga wa kule ni mweupe na maji yanang'aa. Sitaki ufike ukakonyeze ukoo mzima."

Tukaenda Kariakoo. Machinga wa miwani alitufuata hatua chache tu baada ya kushuka, ubao wake umejaa miwani kutoka juu hadi chini, kila moja na kibandiko cha dhahabu. "Kaka, polaroidi orijino hii. Elfu thelathini, ila kwa kuwa ni wewe, kumi na tano." Akatoa kadi ndogo yenye picha ya bahari tupu. "Angalia kwa macho. Unaona nini? Bahari. Sasa vaa." Nikavaa. Samaki mkubwa akatokea katikati ya kadi. Nikavua, samaki hayupo. Nikavaa, yupo.

Kadi ile si uchawi. Picha ya samaki imefichwa kwa namna ambayo ni lenzi ya polaroidi tu inayoweza kuitoa. Uchawi ulikuwa kwenye mikono ya kijana. Miwani niliyojaribia ilirudi ubaoni, na iliyoingia kwenye mfuko wa kupewa mimi ilikuwa dada yake, sura moja, mama mbalimbali. Mke wangu, aliyekuwa kimya muda wote, akaitoa mfukoni, akaivaa, akaitazama kadi. Bahari tupu.

"Kaka, mbona samaki hayupo?"

"Dada," alijibu kijana bila kupepesa, "saa hizi samaki kashalala."

Kwa jibu lile nusura nimpe hela yake. Lakini tuliondoka, tukaenda duka la miwani lenye kiyoyozi na kijana aliyevaa koti jeupe, na kule ndiko nilikoelewa kinachouzwa ni nini hasa.

Mwanga wa jua hutikisika pande zote. Ukigonga kitu bapa, mathalani maji, lami iliyolowa au boneti ya gari, sehemu kubwa ya ule unaoruka na kukuingia machoni hutikisika kwa ulalo. Huo ndio mng'ao unaokufanya ukunje uso. Lenzi ya polaroidi ina kichujio kilichosimama wima. Unaotikisika kwa ulalo unazuiwa mlangoni, uliobaki unapita. Mfaransa Étienne-Louis Malus aliliona jambo hili mwaka 1808 akiwa Paris, alipokuwa akitazama kupitia jiwe angavu jua la jioni lililoakisiwa na madirisha ya jumba la Luxembourg. Kila alipolizungusha jiwe, taswira ilififia na kurudi. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Land akaomba hataza ya karatasi nyembamba inayofanya kazi hiyohiyo bila jiwe, na mwaka 1937 akaanzisha kampuni ya Polaroid. Machinga wetu analitaja jina la kampuni hiyo mara nyingi kwa siku kuliko jina la mama yake.

Kijana wa koti jeupe alianza kwa kunipokonya miwani nyeusi kuliko zote dukani, ambayo nilikuwa nimeishaipenda. "Mzee, giza si kinga," alisema. Mboni ya jicho ikiona giza hupanuka. Kama kioo ni cheusi lakini hakizuii mionzi ya urujuanimno, umeifungulia mionzi mlango mpana kuliko ungekaa macho matupu. Kinachotafutwa ni maandishi ya UV400, maana yake lenzi inazuia mionzi hiyo hadi urefu wa wimbi wa nanomita 400. Na hilo ni jambo tofauti kabisa na polaroidi. Moja huzuia madhara, jingine huzuia mng'ao. Miwani inaweza kuwa na hili ikakosa lile, na ile ya samaki aliyelala ilikosa yote mawili.

Kisha kuna namba, kuanzia 0 hadi 4. Namba 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, nayo ndiyo saizi ya pwani yetu. Namba 4 hupitisha asilimia 3 hadi 8 tu, ni ya kwenye theluji, kama kileleni Kilimanjaro, ambako theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno. Hiyo hairuhusiwi kuendeshea gari. Nikawaza magari yanavyokatiza mbele yangu Mandela Road na nikahisi wenye namba 4 ni wengi kuliko tunavyodhani.

Zamu ya rangi ikafika. Kijivu huacha rangi za dunia zilivyo. Kahawia hukoleza tofauti kati ya kitu na kitu, wavuvi wengi huipenda kwenye maji ya kina kifupi. Njano ni ya siku ya mawingu, haifai juani. Bluu ya kioo cha kujitazamia, kwa mujibu wa kijana, "hiyo ni ya kupigia picha". Mke wangu alichagua kahawia, namba 3, UV400, polaroidi, kisha akanigeukia kuniuliza kama nimeipenda. Nilikuwa nimeshaipenda kabla hajamaliza kuuliza. Ndoa ina umri wake.

Kijana akatuachia onyo moja la mwisho: skrini nyingi za kioo hutoa mwanga uliokwisha kuchujwa, kwa hiyo ukizitazama kwa pembe fulani ukiwa na polaroidi zinazima kabisa. Mimi nilisikia. Mjomba wa mke wangu, tuliyekutana naye kwenye boti ya kwenda Unguja, hakuwepo dukani.

Mjomba aliiomba miwani ajaribu. Akaivaa, akapendeza, akatoa simu yake aangalie mpira. Ikiwa wima ilionekana vizuri. Alipoilaza ili uwanja uenee, skrini ikawa giza. Akaitikisa. Akaibonyeza pembeni. Akaniuliza kama nina pawabenki, nikampa, akachomeka waya, na kwa kuwa sasa jasho lilikuwa linamtoka akaivua miwani afute uso. Simu ikawaka. Mjomba akaitazama pawabenki yangu kwa heshima kubwa. Mpaka leo anaisimulia Jambiani nzima, pawabenki inayojaza simu kabla hujamaliza kufuta jasho. Nilijaribu mara moja kueleza habari za Malus. Akaniambia nisiwe na choyo, niseme tu nimeinunua wapi.

Tulifika siku za bamvua. Wageni wa hotelini hulalamika kwamba bahari imehama, lakini wenyeji ndipo wanapoingia kazini. Maji yakipwa, ufuo wa Jambiani hufunguka hadi karibu na mwamba, na wanawake hutoka na kamba na vigingi kwenda kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoshika huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wengine hushika fimbo ya chuma kutafuta pweza. Wanashinda saa kadhaa wameinama, jua linawapiga kutoka juu na maji yanawapiga kutoka chini. Kichwani wana kanga, wengine na kofia ya ukindu juu yake. Machoni hawana kitu.

Bibi ni mtu wa pweza. Umri wake hautaji, na kwa utani wa mjukuu na bibi, mimi ni mume wake. "Mume wangu wa bara," alisema aliponiona ufukweni na miwani, "umevaa madirisha ya nani? Hebu nifuate, nikuoneshe pesa inakolala."

Nilimfuata nikijiamini. Kweli miwani ilifanya kazi. Mng'ao uliokuwa umelifunika eneo lote la maji uliondoka, na chini nikaona mawe, majani, na vile viumbe vyeusi vya miiba ambavyo wengine hugundua kwa nyayo. Nikaona kitu chekundu chenye mikono mitano kimetulia mchangani. Nikapaza sauti: "Bibi! Pweza!"

Bibi akaja taratibu, akatazama, akanitazama. "Mume wangu, hicho ni kiti cha pweza. Mwenyewe katoka." Wanawake wa mwani waliacha kufunga kamba ili wacheke vizuri.

Ndipo akanyoosha mkono. "Lete hayo madirisha." Akaivaa juu ya kanga, ikakaa upande. Akainamisha uso majini. Akanyamaza kwa muda ambao kwa Bibi ni mrefu sana. "Ala! Maji yamekwenda wapi?" Akainua kichwa, akakilaza begani, mng'ao ukarudi. Akakisimamisha, ukaondoka. Akakilaza upande wa pili, ukarudi. Hivyo ndivyo ilivyo, kichujio kinafanya kazi kikiwa wima tu. Lakini wanawake wa mwani hawakuwa na habari za kichujio. Walimwona bikizee amesimama peke yake katikati ya bahari, anatikisa kichwa kulia na kushoto huku anacheka, na mmoja wao akaanza kusoma dua kwa sauti.

Bibi alipotosheka, alitembea hatua kadhaa, akasimama penye kishimo ambacho mdomoni pake palikuwa na maganda ya kaa yaliyotupwa ovyo, dalili kwamba mwenye nyumba ni mlaji na hana adabu ya kufagia. Akachoma fimbo. Alitoka pweza aliyemzunguka mkono hadi kwenye kiwiko. Baadaye akamtoa wa pili. Jua lilipofika utosini, mng'ao ukabadilika na miwani ikapungua nguvu, kwa sababu mwanga unaoanguka wima juu ya maji hauchujiki kama ule wa mshazari wa asubuhi na alasiri. Bibi hakuhitaji fizikia. "Sasa twende, hata hayo madirisha yamechoka."

Jioni, pweza wa nazi akiwa mezani, niliulizia miwani yangu kwa mbali, kwa adabu. Bibi akaweka kijiko chini. "Mume wangu, mimi na wewe tumeoana mwaka wa ngapi huu? Mahari yangu uliitoa?" Nikamwangalia mke wangu, akawa anachambua mwiba ndani ya pweza, ambaye hana mwiba. Nikamwangalia Mjomba. Mjomba akakohoa na kutoa hukumu: "Mahari ikishapokewa hairudi." Nikarudi Dar nimebana jicho, na kwenye dirisha la tiketi dada wa zamu akaniambia yeye ana mchumba.

Nimelifikiria jambo lile tangu siku hiyo na sina kinyongo. Miwani ilikwenda kwa mwenye haki nayo. Jua la miaka mingi huchangia mtoto wa jicho, na huotesha kile kinyama kinachotambaa kutoka kwenye weupe wa jicho kuelekea kwenye mboni, ambacho utakiona kwa wavuvi, wakulima na madereva wa pikipiki, si kwa washehereshaji. Tunawanunulia miwani wachumba na watoto wanaokaa ofisini, huku baba aliye kwenye ngalawa anakinga jua kwa kiganja.

Kwa hiyo ukienda dukani, uliza UV400 kwanza, halafu namba 3, halafu polaroidi kama mvaaji anashughulika na maji au barabara. Ukiwa na wasiwasi na polaroidi, shika miwani mbili za aina hiyo, moja mbele ya nyingine, kisha zungusha moja mpaka isimame wima: zikiwa za kweli, kioo kitakuwa giza totoro. Kadi ya samaki mwachie mwenyewe. Na kama mkeo ana bibi anayekwenda pweza, nunua mbili kabisa, moja iandike mahari.