Upungufu Usiozeeka

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,
Mtumba, Dodoma.

YAH: MAOMBI YA CHETI CHA KUPUNGUZA UPUNGUFU WA NYUMBA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, nakuandikia kutoka Mamba, Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi. Kwa zaidi ya miaka 10 taarifa zimekuwa zikitueleza kwamba nchi ina upungufu wa nyumba milioni 3, na kwamba kila mwaka unaongezeka kwa nyumba 200,000. Mawaziri wamekuja na kuondoka. Sentensi imebaki ofisini.

Sasa, 200,000 mara 10 ni milioni 2. Upungufu ulipaswa kuwa umefika milioni 5, lakini tukisikiliza redio bado ni milioni 3. Maana yake kuna watu wamejenga nyumba milioni 2 kimyakimya. Tumelijadili kijiweni, tukaona hakuna haja ya kuendelea kujificha. Ni sisi.

Shirika la Nyumba la Taifa haliwezi kuwa mshukiwa. Lipo tangu 1962 na tunaliheshimu kama mzee yeyote. Lakini nyumba zake 560 za Kawe zinafuta ongezeko la siku moja. Mradi mzima wa nyumba 5,000, ambao hizo ni sehemu yake, unafuta siku 9. Ukianza Januari mosi, hata wanafunzi hawajafungua shule, umekwisha.

Upande wetu ushahidi upo. Sensa ya 2012 iliikuta Katavi na watu 564,604. Ile ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Hao zaidi ya nusu milioni walioongezeka hawalali barabarani, Mheshimiwa. Kuna mtu amewaezekea.

Utaratibu wetu ni huu. Kiangazi unafyatua tofali na kupanga tanuri. Ukivuna mpunga na bei ikakubali, unachimba msingi. Msimu unaofuata unanyanyua ukuta hadi lenta, halafu mtoto anafaulu kwenda sekondari na ujenzi unasimama. Mvua inapiga boma, nyasi zinaota sebuleni, mbuzi wa jirani anahamia chumba cha wageni. Mwaka mwingine unapata kenchi. Mwaka mwingine bati, za geji 30 kama hujabahatika. Saruji ndiyo usiseme: hadi imfikie fundi wa Mamba imesafiri kuliko mbunge, na posho yake tunailipa sisi. Plasta ni ya wajukuu.

Nyumba hii haina mkataba, haina mkandarasi, haikuzinduliwa kwa utepe. Ndiyo maana haionekani kwenye taarifa.

Zinazoonekana ni zile za Shirika, za "gharama nafuu". Tunakiri zilifika hata Mpanda mjini, pale Ilembo. Zilipojengwa, nafuu hiyo ilikuwa inauzwa pamoja na VAT ya asilimia 18, ili mnunuzi asije akazidiwa na unafuu. Mkopo wa benki nao upo, ila unataka hati ya mshahara ya kila mwezi, na mpunga hulipa mara moja kwa mwaka, tena ukiwa na hali nzuri. Ukipeleka hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitambua kabisa, unaweza kutazamwa kama aliyeleta kadi ya kliniki.

Kwa hiyo maombi yetu ni mawili. Kwanza, kwenye jedwali la hotuba ya bajeti ijayo iongezwe safu moja inayoitwa "Maboma", ionyeshe yako mangapi, yamekwama hatua gani na yanadaiwa bati ngapi. Nadhani ndipo itakapoonekana kwamba kuyamalizia yaliyosimama kunaweza kuwa rahisi kuliko kuanza ghorofa. Pili, tupewe cheti kwa zile milioni 2. Kama hatukuzijenga sisi, basi tuelezwe nani anayenakili ukurasa wa mwaka jana bila kubadili namba. Huyo naye ana mchango wake katika sekta.

Hafla ya vyeti ikifanyikia Mamba, tafadhali iwe kabla ya masika. Ukumbi tulionao hauna paa.

Wako katika ujenzi wa taifa (hatua ya lenta),

Mwananchi wa Mamba

Nakala: Fundi wangu, ambaye bado ananidai.