Sifa za Vumbi la Paneli

Wenzetu wa nchi za baridi wamejaliwa theluji. Huko Ujerumani na Kanada hujilundika juu ya paneli za sola, na jua likipasha kioo huporomoka yote kwa mpigo mmoja, ikang'oa gata na kumwangukia anayepita chini. Theluji yetu ina adabu: inakaa kileleni mwa Mlima Kenya, kwenye urefu wa mita 5,199, na haijawahi kumpandisha ngazi mtu wa Meru wala wa Embu. Kazi ya kuchafua paneli imeachiwa vumbi, nalo linaifanya kwa uaminifu bila kupata hata asante.

Kwanza, ni la ukoo bora. Vumbi jekundu linalotua juu ya mabati ya Runyenjes na Nkubu limezaliwa na miamba ya volkano ya mlima huohuo. Ni udongo uleule unaolisha kahawa na majani chai. Tena ni mwenyeji. Mwaka 1984, mhandisi Mmarekani Harold Burris na mwalimu Mark Hankins walipofunga umeme wa jua katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, katika iliyokuwa Wilaya ya Meru, vumbi lilikuwapo likisubiri. Sola ilipoenea kwa walimu na wakulima wa kahawa, lilimfikia kila mmoja bila kubagua.

Lakini sifa yake kuu ni ukaguzi. Sola huuzwa kwa ahadi kwamba ukishaifunga umemaliza: haili mafuta, haipigi kelele, haileti bili. Anayeiamini ahadi hiyo hatazami tena juu. Huku nyuma panya wanatafuna nyaya, upepo unalegeza nati, na mgrevilea uliokuwa mche sasa unatupa kivuli tangu saa tisa alasiri. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopiga hodi. Vumbi hupiga. Kiangazi cha Januari na Februari taa zinafifia kabla taarifa ya habari haijaisha, mwenye nyumba anaapa kwamba betri imekufa, na tayari anauliza bei ya nyingine. Fundi anapanda, anapitisha kidole juu ya kioo, kidole kinarudi chekundu. Kwa kuwa ameshapanda, anaona na waya uliotafunwa.

Vumbi ni mwalimu pia. Ikweta inakatiza barabara ya Embu kwenda Meru, jua linapita karibu na utosi, na wengi huona hesabu inawaruhusu kulaza paneli kabisa. Vumbi linawasahihisha kwa maandishi: mstari wa tope kavu kwenye ukingo wa chini, pale maji yaliposimama yakakosa pa kwenda. Seli za paneli zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo safu moja ikifunikwa huzikaba na nyingine. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ungetosha kuyateremsha maji, nao hupunguza umeme kidogo tu.

Watakuwepo wa kusema mvua itaosha. Masika huosha, ni kweli. Manyunyu ya Julai hukandika tu, na Mbeere kiangazi ni kirefu kuliko subira ya betri. Wengine watasema vumbi likioshwa linaishia kwenye tangi la maji ya kunywa. Basi bomba la gata ligeuzwe pembeni mvua ya kwanza inaponyesha, jambo ambalo lilipaswa kufanywa hata kama paa halina sola, maana ndege hawakuanza kutua hapo juzi. Pingamizi lenye uzito ni moja: mabati yanateleza, na mtu akianguka umeme wote wa nyumba haulipi mguu wake. Hapo simtetei mteja wangu, vumbi, hadi mwisho. Asafishwe kutoka kwenye ngazi iliyoshikiliwa, kwa brashi laini yenye mpini mrefu, asubuhi mapema, kwa sababu kioo cha moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka.

Kwa hiyo vumbi lisifiwe kwa kipimo chake. Linaiba umeme, lakini linaiba hadharani, na kwa wizi huo linafichua wezi waliojificha. Anayelipangusa na kushuka bila kukagua nyaya na nati amelipa ada ya mwalimu akakataa somo.