Afisa, Usituwekee X

Dar es Salaam, mtu akisimama mbele ya nyumba yako ameshika daftari na kalamu, akaitazama nyumba, akaandika, akaitazama tena, ujue hajaja kwa heri. Anaweza kuwa mtu wa umeme aliyesikia tetesi, mtu wa maji, mtu wa kodi, dalali aliyetumwa kuonyesha chumba chako kabla hujapewa notisi, au, Mungu apishie mbali, mtu wa barabara. Mkazi wa Tandika hawezi kuamini kwamba mwanamume mzima, mwenye watoto wanaosubiri ada, amesimama pale saa nne asubuhi kwa sababu tu bati la baraza limepinda vizuri.

Mwanamume huyo ni mimi. Nachora mitaa, harakaharaka, dakika tano hadi kumi, nimesimama au nimekaa juu ya kreti la soda. Wenzetu wa ng'ambo wana hadi jumuiya ya mambo haya: mwaka 2007 mwanahabari mmoja wa Seattle, Gabriel Campanario, alianzisha kundi la Urban Sketchers, na leo lina wanachama katika miji mingi duniani. Sharti lao kubwa ni kwamba uchore ukiwa papo hapo, unaona kwa macho yako, usinakili picha nyumbani. Ni sharti zuri, ila huku kwetu lingeongezewa kipengele cha kuaga familia kabla hujatoka.

Chombo changu ni kalamu ya wino ya kujaza, ya Kichina, isiyo na jina la kujivunia, niliyoinunua Kariakoo kwa bei ya zege mbili na soda. Penseli siitaki, kwa sababu inakupa moyo wa kufuta, na daladala haisubiri mtu afute. Biki nayo hadi uikandamize. Kalamu ya nibu hujiendea: katikati ya nibu kuna mpasuko mwembamba kuliko unywele, wino unajivuta wenyewe kuufuata, na kila tone linalotoka nafasi yake inachukuliwa na hewa inayopenya kwa nyuma. Utaratibu huo wa wino kutoka huku hewa ikiingia ndio uliomfanya Mmarekani Lewis Waterman apewe hataza mwaka 1884. Faida nyingine Waterman hakuitangaza: wino wa kawaida ukiupitishia kidole kilicholowa, unayeyuka na kukupa kivuli cha bure. Brashi ya nini, na mate unayo?

Lakini Waterman alikuwa mtu wa New York. Hakuwahi kupanda Kosta ya Mbagala saa saba mchana. Kalamu ikibaki na wino nusu, nusu iliyobaki ni hewa, na hewa ikipata joto hutanuka. Isipopata pa kwenda inausukuma wino utoke kwa mbele. Siku nilipoipanda mimi, pa kwenda palikuwa mfuko wa shati langu jeupe la kuendea harusini. Nilikuwa nimesimama nimeshika bomba, abiria wananitazama kifuani kwa huruma, mimi nikidhani ni shati limenikaa. Nilishuka Rangi Tatu nikiwa na mbili, nyeupe na buluu. Kijana wa bodaboda akanipokea: "Anko, kumbe Azam leo wanacheza?" Katika jiji lililogawanywa na wekundu wa Simba na kijani cha Yanga, buluu haikuletei ugomvi, inakuletea pole. Harusini nilikaa mikono nimeikunja kifuani hadi keki, na mama wa bibi harusi bado anaamini sikuipenda ndoa ile. Dawa yake, kwa mwenye kutaka kujua, ni kuijaza kalamu ikajaa kabisa na kuibeba nibu ikiwa juu. Dawa kamili ni kutovaa nyeupe.

Kuna siku nilitaka nibu yangu ipindwe ncha. Nibu iliyopinda ina kazi mbili: ukiilaza inatoa mstari mnene wa nguzo ya umeme, ukiisimamisha inatoa mwembamba wa waya wake. Nikampelekea fundi saa mmoja wa Temeke, anayekaa chini ya mwavuli na lenzi yake jichoni. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mzee, hii imenyooka."

"Ndiyo. Nataka uipinde."

"Mimi nanyoosha, mzee wangu. Watu wananiletea vilivyopinda."

"Leo nimekuletea kilichonyooka."

"Basi hakina tatizo. Nenda salama."

Akaitwa fundi viatu wa jirani kutoa ushauri, kisha muuza vocha, kisha mpita njia ambaye hakuombwa. Baraza likaamua kwamba kunyoosha ni shilingi mia tano, ila kupinda ni elfu mbili, kwa kuwa kunahitaji fundi aende kinyume na dhamiri yake. Alishika koleo lake dogo, akazuia pumzi, akakandamiza ncha ile juu ya kipande cha mpira wa kandambili mpaka ikainama kiasi cha punje ya mtama. Kazi safi ajabu. Alinikabidhi amegeuza uso pembeni, asije akaonekana na mteja mwingine.

Na nibu hiyo ndiyo nikaanza nayo vituo vya daladala, mahali pagumu kuliko pote. Unaanza na taa za mbele, unashuka kwenye bampa, konda anapiga bodi: "Ondoa, suka!" Gari linaondoka na nusu ya mchoro wako. Nilichofanya Tandika ni kumalizia na lililofuata. Kichwa kikawa cha gari la Kariakoo, mkia wa gari la Mbagala, na mstari wa rangi ya ruti ubavuni ukakatika katikati kuanza mwingine. Konda mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alichungulia daftarini, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayenitakia mema, "Kaka, hili LATRA wakilikuta, unalala nalo."

Siku nyingine nilikuwa natazama geti la jengo moja ambalo sitalitaja, mlinzi akaja mbio na kirungu. Bango liliandikwa hairuhusiwi kupiga picha. Nikamweleza kwa adabu kwamba sipigi, nachora. Akasema atoe maamuzi nani, mimi au bango? Akaomba kuona. Akaulinganisha mchoro na geti, geti na mchoro, akarudia, mwishowe akanirudishia daftari akiwa ametulia kabisa. "Endelea tu, mkuu. Kwa ramani hii hata mwizi atapotea." Ruhusa niliipata. Heshima ndiyo sijaipata hadi leo.

Wazee wa kijiwe cha kahawa nao wana vipimo vyao. Mmoja wao, mwenye kofia ya kiua iliyokolea vumbi la miaka, aliniuliza kama namjua Chakubanga. Nikasema namjua: katuni ya Christian Gregory, iliyokuwa ikitoka katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960. Akafurahi. Akachukua daftari, akatazama nilivyomchora muuza kahawa na dele lake, akatikisa kichwa. "Chakubanga alikuwa akikusudia kuchekesha." Muuza kahawa mwenyewe aliuliza jambo moja tu: shingo yake imekwenda wapi. Nilimweleza kwamba shingo ilizibwa na dele. Tangu hapo kikombe changu kinajazwa nusu.

Kuchora watu ni kujitakia. Kinondoni niliwahi kumchora mama ntilie akiinamia sufuria, mwanga unatoka upande mmoja, nikampigia mistari ya kivuli shavuni. Akaja na mwiko mkononi.

"Baba, hii mikunjo ni ya nani?"

"Si mikunjo, mama. Ni kivuli."

"Kivuli saa sita mchana?"

Ilibidi ninunue wali maharage ili mjadala ufungwe, na mafuta ya maharage yakadondokea ukurasani. Wino haukai juu ya mafuta. Nilipojaribu kupaka kivuli cha jiko, katikati pakabaki doa jeupe, mviringo, lisilokubali kitu. Mama akalitazama akaridhika: "Hapo moshi umeupatia." Halafu akauliza nitamlipa shilingi ngapi nikienda kumuuza kwa Wazungu. Hapo nilimwonea wivu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kupaka picha zake mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari na kuziuza Oysterbay, pale Morogoro Stores, ndani ya Kinondoni hiihii. Chui wake aliwatoa kichwani. Hakuna hata mmoja aliyekuja na mwiko.

Nimecheka haya yote, lakini kuna swali moja ambalo sikulicheka papo hapo. Nilikuwa Mkwajuni, nachora nyumba ya tofali yenye dirisha la nondo zilizosukwa maua. Bibi akatoka, nikampa shikamoo, akaitikia vizuri kabisa, kisha akaniuliza, "Afisa, rangi umeiacha wapi?"

"Rangi gani, bibi?"

"Nyekundu."

Nyumba za bonde la Mkwajuni zilibomolewa Desemba 2015. Kabla ya mashine kufika, wanakuja watu wenye daftari, na baada ya watu wenye daftari inakuja X nyekundu ukutani. Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya walio kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda mbele. Anayeishi ukingoni mwa bonde hana sababu ya kudhani kalamu imekuja kustarehe. Nikamwonyesha ukurasa. Akauchunguza pembe zote nne, akitafuta X. Alipoikosa akawaita wajukuu, wakaja saba, na hapo ndipo akaanza ukali wa kweli: mlango nimeupinda, kuku nimemsahau, na tangi la maji, alilolilipia mwenyewe bila msaada wa mtu, nimelichora dogo. "Lile ni la lita elfu moja, baba. Wewe umenichorea ndoo."

Kelele zikavuta majirani. Mmoja akauliza kama sensa imerudi. Ile ya Agosti 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, na yeye anasema walimruka, alikuwa kwenye foleni ya maji. Nikamweleza kwamba mimi sina mamlaka. Akasema kalamu hiyo hapo, mamlaka gani tena? Nikamwandika jina kwenye pembe ya ukurasa, chini yake nikaweka 5,383,729. Akaniomba niisome kwa sauti. Nikaisoma. Akaondoka amenyoosha mgongo.

Huu ndio utani wa hobi yangu. Wino wenyewe ukidondokewa na jasho unakimbia, mistari yangu haijawahi kumsadikisha hata mlinzi, lakini mtaani kila ukurasa unapokewa kuwa waraka.

Ninayo kesi inayoendelea Yombo. Nilichora nyumba ya mama mmoja yenye mwembe mkubwa ubavuni. Akaipenda picha, akaomba ukurasa, akaniambia niandike tarehe na niweke sahihi. Nikadhani ni mapenzi ya sanaa. Juma lililofuata nikaambiwa ameivalisha plastiki steshenari na kuiweka kwenye bahasha moja na mkataba wake wa mauziano, ule uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, kwa sababu mwembe uko mpakani na kesi yake na jirani ina umri mkubwa kuliko watoto wao. Sasa kuna mchoro, una tarehe, una sahihi, na mwembe uko upande wa mama.

Jirani alinipata kijiweni. Mtu mpole, amebeba maembe kwenye rambo.

"Shemeji," akaniita, ingawa hatujaoana popote, "nasikia unachora nyumba."

"Nachora."

"Na yangu unaweza?"

"Naweza."

"Na mwembe?"

"Nachora ninachokiona, shemeji. Mti nautia pale uliposimama."

Akachagua embe, akalipangusa kwa kanzu, akanipa. "Sijasema uuhamishe. Unaweza kuuinamisha kiasi gani?"

Jumamosi nimekwenda. Nimekaa uani kwake, kalamu imejaa pomoni, nibu juu. Nikautazama mwembe kwa jicho moja, nikautazama kwa yote mawili. Na sisemi kwa ajili ya maembe, lakini ukikaa upande ule, ule mti kwa kweli umeinama.