Tatu a, mbili b

Msimu wa korosho ukiingia, nyumba yetu ya Msimbati haina sebule tena. Tulikuwa tumeanika, tumechambua mpaka migongo ikagoma: magunia matatu ya daraja la kwanza, zilizojaa na kukauka vizuri, mawili ya daraja la pili, zenye madoa na mikunjo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze Mtwara mwaka 2007, kila mtu anajua kwamba madaraja hayo yana bei mbili.

Kila mtu isipokuwa Mjomba, aliyeshuka kutoka Kilambo kuja kutusaidia. Ni kaka mkubwa wa mke wangu, na kwa upande wao mjomba akisema, amesema. "Korosho ni korosho," akatangaza. Chai haijachemka, magunia yote matano yamekuwa kichuguu kimoja juu ya jamvi.

Binti yetu wa darasa la sita akatoka na daftari la hisabati. "Shikamoo, Mjomba. Hizi zilikuwa 3a, na hizi 2b. Hazijumlishiki."

"Marahaba. Tatu na mbili ngapi?"

"Tano."

"Basi andika 5ab, ukamsaidie mama yako kuni."

Mtoto hakwenda kwenye kuni. Tuchukulie, akasema, a ni shilingi 3,000 na b ni 1,500. 3a + 2b ni 9,000 na 3,000, jumla 12,000. Na 5ab? Tano mara 3,000 mara 1,500: shilingi 22,500,000.

"Hiyo hiyo ya milioni!" Mjomba akashangilia. "Ghalani tupeleke hiyo!"

Nikaona nimtafutie mzee mwenzake. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad yapata mwaka 820, hakutumia herufi hata moja. Aliandika kwa maneno: mali, kitu, dirhamu. Mali alijumlisha na mali, dirhamu na dirhamu, wala hakuchanganya, ingawa mali yake ilikuwa kile kitu kilichozidishwa kwa chenyewe, yaani a² na a ya leo. Na sehemu kubwa ya kitabu inahusu kugawa mirathi. Hapo Mjomba akanyamaza. Mambo ya mirathi hayachezewi.

Tukachambua upya usiku kucha kwa mwanga wa simu, Mjomba akiwa wa kwanza kusinzia. Alfajiri mama mkwe akaleta gunia lake la daraja la kwanza. Halikuandikwa namba, lakini a moja ni 1a, kwa hiyo 3a + a ikawa 4a. B zikabaki mbili palepale.

"Na hizi zilizooza?" Mjomba akauliza, akisukuma fungu kwa mguu.

"Hizo c," akajibu binti. "Zote zako, Mjomba. Hazina wa kujumlishwa naye."