Kivuli cha Beberu

Kumfundisha mtoto kuchora mbuzi si kazi. Tumbo, miguu minne, pembe, ndevu kidogo. Hata akitoka na miguu mitano tunamsifu. Balaa huanza unaposema: "Haya, mchoreeni na kivuli chake."

Jumamosi moja mwanzoni mwa Oktoba, uani kwetu Dar es Salaam, niliwakusanya watoto wa nyumba nzima mbele ya beberu wa mama mwenye nyumba. Nilitaka washike jambo moja tu: kivuli huanzia pale kwato inapogusa chini, kisha hulalia upande usio na jua. Tulipanga saa mbili asubuhi, kivuli kikiwa kirefu. Lakini penseli zikatafutwa, mmoja akatumwa chumvi, mwingine akaitwa akaoge, na tulipotulia mkekani adhana ya adhuhuri ilikuwa inakaribia.

Na Dar ina vituko vyake. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na wakati huo wa Oktoba, jua la mchana hupita karibu kabisa na utosi. Beberu kasimama, kivuli hakionekani.

"Anko, huyu hana," akasema mdogo wao.

Nikapiga magoti nikachungulia. Kilikuwepo, kimejikunyata katikati ya miguu. Ila beberu hapendi kuchunguliwa tumboni, na yaliyofuata wapangaji wanayasimulia mpaka leo.

Alasiri tukarudi, mimi nikikalia upande mmoja. Kivuli sasa kimefika kwenye ndoo. Nikawapa mkaa wakizungushie mstari pale pale kwenye saruji. Beberu akasogea, wakaanza upya. Akageuka, wakaanza upya. Muda si mrefu ua mzima ulikuwa umeota pembe.

Nikapitia karatasi. Mmoja kakipa kivuli macho.

"Kivuli hakina macho, mama."

"Sasa kinamfuataje?"

Nikaenda kwa mwingine. Huyu kakichora kule pembeni, mbali na mwenyewe.

"Mbona kiko huko?"

"Kimeenda kula."

Binti mkubwa, mwenye mdomo wake, hakuchora kivuli kabisa. Baba yake anauza picha za Tingatinga, kwa hiyo alikuja na hoja: Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama hapa hapa Dar mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli, na kati ya picha zote zilizopo dukani kwa baba hakuna chui hata mmoja mwenye kivuli, na Wazungu wananunua.

"Wewe Anko, mbuzi wako umeshamuuza shilingi ngapi?"

Kabla sijajitetea, mama mwenye nyumba akatoka. Akautazama ua wake taratibu, kuanzia mlangoni hadi bombani.

"Mimi mbuzi ninaye mmoja," akasema. "Hawa wengine ni wa nani?"

Vidole vyote vikanielekea mimi, na binti yule akaenda kuniletea brashi.