Maiti ya Chimala

Mpwa wangu anayesoma chuo Iringa ameshaamua kwamba mimi ni mwandishi mgonjwa na yeye ndiye daktari. Dawa zote zinakuja kwa WhatsApp, na zote ni linki. Zamani angalau alianza na "shikamoo mjomba." Siku hizi linki inaingia kavu, na chini yake maneno mawili: "Hii itakutoa." Itanitoa wapi, hasemi.

Chanzo ni ile Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ilipotolewa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, na habari zikafika kwetu kwamba mshindi wa kwanza anabeba shilingi milioni 10, riwaya yangu, ambayo ukoo mzima uliihesabu kuwa ni uvivu, ikageuka mradi wa familia. Dada yangu hajawahi kuniuliza naandika nini. Sasa ananiuliza inaisha lini.

Basi nikaanza mazoezi. La kwanza lilikuwa kurasa za asubuhi, zilizoletwa duniani na mama mmoja wa Kimarekani, Julia Cameron, katika kitabu chake cha mwaka 1992. Ukiamka tu, kabla ya lolote, uandike kurasa tatu kwa mkono, chochote kinachokujia kichwani. Sina ugomvi na mama huyo, ila nina hakika hakupata kuamka Mbeya mwezi wa saba. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za kipupwe nyuzijoto hushuka chini ya 10 bila kuona haya. Kinachonijia kichwani saa hizo ni blanketi. Kurasa zangu zote tatu ni blanketi.

Zikafuata tovuti za kukupa wazo. Unabonyeza, inakupa: "Eleza theluji ya kwanza uliyoiona utotoni." Unabonyeza tena: "Mhusika wako amepanda darini akakuta sanduku la barua za siri za bibi yake." Darini kwetu kuna popo. Na bibi yangu barua zake zote alisomewa na jirani, kwa sauti, mlango wazi.

Zoezi lililoonekana la kibinadamu ni la kukaa mgahawani kusikiliza watu wanavyoongea, uyanase mazungumzo yao. Nikaenda kwa mama ntilie Mwanjelwa, chai mezani, daftari wazi, kalamu tayari. Waliobuni zoezi hili hawajui kwamba mtu mwenye daftari sokoni ni mtu wa ushuru. Mazungumzo yalikufa pale pale. Kijana wa meza ya pili akaanza kunieleza, bila kuulizwa, kwamba genge si lake, ni la kaka yake, na kaka yake amesafiri.

Lakini kinachoniuma hasa ni kuhesabiwa maneno. Mwaka 1999 Mmarekani Chris Baty na wenzake walianzisha mtindo wa kuandika riwaya ya maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja, uliokuja kuwa Novemba, yaani kama 1,667 kwa siku. Ukasambaa dunia nzima, na shirika lililokuja kuusimamia lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga. Nilishangilia mapema. Mpwa akasema shirika limekufa, hesabu haijafa. Sawa, lakini hesabu ya nani? Mwingereza akitaka kukana kwamba angemwambia mtu jambo, anatumia maneno manne au matano na yote analipwa. Mimi naandika "nisingemwambia." Humo nimeweka mtendaji, ukanushi, sharti, mtendewa na kitendo, nimetoka jasho, na kihesabio kinaniandikia moja. Kwa mpango huu riwaya yangu ya maneno 50,000 itakuwa na unene wa tofali la kuchoma. Lazima kiwepo kiwango cha kubadilishia. Wale vijana wa kwacha pale Tunduma, pamoja na yote tunayowasema, wangenipa bei nzuri zaidi.

Kuna na programu za kupima kama sentensi zako zinasomeka. Moja imepewa jina la Ernest Hemingway, kwa sababu ya sentensi zake fupi. Mzee huyo namfahamu kwa jambo jingine: alikuja kuwinda Tanganyika mwishoni mwa 1933, amiba wakamshika tumbo, Januari 1934 akabebwa kwa ndege kwenda kutibiwa Nairobi, akapita karibu na Kilimanjaro, na safari hiyo ikaja kuingia katika hadithi yake ya theluji za mlima ule. Hiyo ndiyo theluji ninayoikubali. Hakuna tovuti iliyompa wazo. Alipewa na tumbo.

Jina la marehemu sikulisumbua, nikajaribu programu nyingine ya ukoo huo. Zinapiga hesabu kwa urefu wa maneno na wa sentensi, na Kiswahili chetu mnakijua. Nikaibandikia rambirambi niliyomwandikia shangazi kule Rungwe, aliyeishia darasa la nne. Ikajibu kwamba maandishi hayo yanahitaji msomi wa shahada ya pili. Shangazi aliyasoma akalia hapo hapo.

Programu za kubuni majina ya wahusika nazipita haraka. Huku kwetu hazina kazi. Buni jina lolote linaloanza na Mwa-, mwenyewe yupo, anakaa Uyole, na atakuja kuuliza kwa nini amekufa sura ya tatu. Mulokozi alikuwa mjanja: tamthiliya yake ya Mukwava wa Uhehe, ya mwaka 1979, aliijenga juu ya mtu aliyefariki 1898. Ingawa hata huyo ndugu zake wapo Kalenga.

Kilichonikaa vizuri ni kuandika kwa sauti. Google waliongeza Kiswahili mwaka 2017: unaongea, simu inaandika. Nilikuwa nakwenda Iringa kumwona huyo huyo daktari wangu, naye akaniasa nisipoteze saa za basi. Nikapata kiti pembeni ya mama mmoja wa makamo mwenye ndoo ya parachichi. Uyole ikapita kimya. Tulipofika tambarare ya Usangu, karibu na Chimala, mawazo yakaja. Muziki wa basi ulikuwa juu, ikabidi nipandishe sauti.

"Nimemzika nyuma ya nyumba. Nukta. Hakuna anayejua. Nukta. Mke wake atafuata."

Mama akaivuta ndoo kutoka miguuni pangu akaipakata. Muziki ukapunguzwa. Konda, ambaye tiketi yangu alishaikagua, akaja kuniuliza kwa upole mwingi: "Mzee wangu, wewe unashukia wapi vile?"

Nikaeleza kwamba ni hadithi. Hakuna aliyeitikia. Kisha mama akauliza, bila kuniangalia, "Amemzika peke yake?"

"Peke yake."

"Kiangazi hiki? Kwa ardhi hii?"

Hapo ndipo nilipoporwa riwaya. Mzee wa kiti cha nyuma, mkulima wa mpunga, akasema mtu mmoja hachimbi kaburi Usangu usiku mmoja, labda awe na trekta. Maiti ilipaswa kwenda kwenye mfereji, siku ya zamu ya maji. Mwingine akasema mfereji una walinzi. Tulipofika Igawa silaha ilikuwa imebadilishwa. Makambako mke wa marehemu akaachiwa huru kwa kukosa ushahidi. Konda alisimama na muuaji mpaka mwisho, akidai yule mtu alidhulumiwa shamba. Mama aliposhuka Mafinga aliomba namba yangu. "Baba, usije ukaniacha na maiti njiani."

Iringa mpwa akanipokea Ipogoro, akaishika simu kabla ya begi. Ilikuwa imeandika kila kilichosikika tangu Chimala: muuaji, konda, zamu za maji na bei ya parachichi, vyote katika aya moja isiyo na nukta hata moja nje ya zile nilizotamka. Akaangalia chini kwenye kihesabio, uso ukamng'aa. "Mjomba! Leo umepita lengo!"

Maandishi hayo hayafai hata kufungia vitumbua. Ila mama wa Mafinga hana habari na malengo ya Novemba. Kila asubuhi ananiuliza kama muuaji amekamatwa, na nikichelewa kujibu ananipigia. Nilipomwambia hadithi inahitaji kifo kingine ili isonge mbele, alinitumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko sura yangu ya kwanza, akinipendekezea nani afe. Ni shemeji yake. Ametuma na picha.